Mgeni Asiyepewa Kiti

Haya, sogeeni karibu. Mwenye kutafuna aendelee kutafuna, simkatazi, ila masikio ayaache wazi, maana leo nawapeleka kwenye nchi ambayo watu wake wamegombana na miili yao mpaka wameshitakiana barazani. Msicheke mapema. Mkimaliza kicheko hapa mlangoni, huko ndani mtacheka na nini?

Mashavu binti Kombo mnamjua? Hamumjui. Basi ni mwanamke aliyejaa, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya pili akaitika, na hasira zake ni moto wa mabua: zinawaka puu! na kabla hujapata maji ya kuzimia zimekwisha zima zenyewe. Mdogo wake ni Siwema, mpishi hodari, aliyeondoka nyumbani zamani akaenda kupika katika nyumba ya wageni ya nchi iitwayo Jisute. Alikwenda akakaa, na salamu zake zikawa za kuokoteza. Mpaka siku moja akapita msafiri, akapewa maji, akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Siwema wenu amekwisha kuutaliki mwili wake mara mbili. Imebaki moja."

"Mwili wa nani?" mama yao akauliza.

"Wake mwenyewe, mama. Huko ndiyo desturi. Mtu akichoka na mwili wake anasimama barazani anauambia, Sikutaki. Akisema mara ya tatu, wanamchukua Nyumba ya Pazia, na aliyeingia humo hatoki."

Mama hakulia. Alimtazama Mashavu, akamwambia, "Kamlete mwanangu. Nataka nimwone anakula mbele yangu, ameketi." Mashavu siku hiyo hiyo akafunga kanga kiunoni.

Safari yenyewe siisimulii. Alikwenda akafika, na hilo ndilo la maana. Alipoziona kuta za Jisute kwa mbali, mama we, furaha ilimpanda mpaka utosini! Akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia huku anacheka peke yake. Hamadi, askari wa lango huyo na mkuki wake.

"We mwanamke! Simama! Unatumikia kosa gani?"

"Kosa? Kosa lipi?"

"Mbona unakimbia?"

"Nakimbia kwa kuwa nimefika, baba! Mdogo wangu yumo humo ndani!"

Askari akarudi nyuma hatua. "Unakimbia bila kosa," akasema taratibu, kama mtu anayemsomea maiti. "Na unatabasamu. Lahaula! Mama, nimekaa lango hili tangu sijaota ndevu, sijapata kuona."

"Mimi mgeni, bwana."

Ebo! Neno hilo lilimgeuza askari mzima mzima. Mkuki chini, mikono kifuani, uso ukamwangaza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akaita kwa sauti, na wachuuzi wote waliokuwa karibu na lango wakaitikia hivyo hivyo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kumbe kwao maneno hayo ni sheria. Popote mgeni anapotajwa, lazima yasemwe, na asiyeyasema hutozwa faini. Na mgeni akishaitwa mgeni, hakuna ruhusa ya kumsuta kwa neno lolote. Anapewa kiti kabla hajaulizwa jina, na siku ya kuondoka anatoa ombi moja ambalo hata Liwali wa nchi hawezi kulikataa.

Mashavu akapelekwa nyumba ya wageni, akakalishwa. Halafu kikaja chakula. Nisemeje? Alikuja samaki changu wa kuchoma aliyeingia ndimu na pilipili mpaka mfupani, mchicha wa nazi, wali wa kiasi, na kisahani cha ndizi mbivu. Hakuna aliyemsimamia akimwambia "ongeza, ongeza" mpaka avimbiwe, wala hakuna aliyemhesabia matonge. Mtumishi alimuuliza tu, "Umeshiba, mgeni wetu?" Aliposema ameshiba, sahani ikaondolewa kwa heshima. Kisha akatembezwa mjini kwa mwendo wake mwenyewe, huku wanaongea na kumwonyesha hiki na kile, mpaka chakula kikatulia. Mashavu akawaza, nchi ya watu wanaojua kutunza mtu kiasi hiki, huyo Siwema analalamikia nini?

Aliporudi akaingia jikoni mwenyewe. Akamkuta mdogo wake amesimama ukutani, anakwangua ukoko sufuriani kwa kijiko, haraka haraka, shingo imepinda kuangalia mlango.

"Siwema!"

"Dada!" Kijiko kikaanguka. "Shikamoo, dada. Shikamoo. Umekujaje?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwa miguu. Mbona unakula umesimama kama kuku?"

Wakakumbatiana, wakalia, wakachekana. Mashavu akamshika mikono akaona imejaa makovu ya mafuta ya moto ambayo hakuna aliyeyapaka hata asali, na nyayo zimepasuka. Akavuta kigoda, akamwambia aketi. Siwema akakitazama kigoda kama kina nge.

"Siwezi. Mwili ulio chini ya kesi hauketi kula. Kiti ni cha mgeni."

"Yule changu nani kampika?"

"Mimi."

"Na wewe umekula nini?"

Siwema akaonyesha sufuria. Hapo ndipo hasira za mabua za Mashavu zilipoanza kunusa moto. Lakini alikuwa hajaona kitu bado.

Asubuhi akaenda barazani kuona. Basi sikilizeni mambo ya Jisute, na mimi nawapa kama yalivyo, siongezi chumvi. Kila asubuhi watu wazima hupanga foleni mbele ya Liwali Mwinyikondo, mzee mrefu mwenye fimbo ya mpingo, na kila mmoja anausuta mwili wake hadharani. Siku ile mwalimu mmoja wa heshima alisimama akalisema tumbo lake maneno ambayo usingemwambia mbwa aliyekuibia nyama. Mama mmoja mtu mzima aliyashitaki mapaja yake kwa kosa la kugusana. Kijana mwenye mwili mkavu kama ubua aliusuta mwili wake kwa ukavu, na Liwali akampa adhabu ile ile aliyompa mwalimu, kwa sababu Jisute haki ni sawa kwa wote na hakuna mwili usio na kosa.

Adhabu yenyewe ni kukimbia. Wanapelekwa Kiwanja cha Toba, wanazunguka juani, na ngoma ni marufuku. Kuimba marufuku. Kuongea na mwenzio marufuku. Mtu akitabasamu, mzunguko ule hauhesabiwi, anaurudia. Ukimwambia Mjisute kwamba kwetu watoto hukimbia kwa kupenda na wazee hutembea jioni kwa raha, anakutazama kama umemwambia kwetu watu hujichapa viboko sikukuu.

Na jioni je? Jioni, ndugu zangu, yanatoka masinia ya kaimati zinazochuruzika shira, halua, na visheti, yanapangwa kando ya kiwanja. Hiyo huitwa pole ya mwili. Mtu ameteseka mchana kutwa, basi apewe pole. Na wanavyozila! Wamegeuziana migongo, mikono miwili miwili, hakuna anayetafuna, wanameza tu kama wanaficha ushahidi. Mashavu mwenyewe ni mpenzi wa kaimati, lakini alimwona Siwema anazila na machozi yanamtiririka, akashindwa kuigusa hata moja.

Akamwendea Liwali. "Shikamoo, mzee. Samahani, hizi kaimati nani anaziagiza?"

"Marahaba, mgeni wetu. Naziagiza mimi."

"Na kesho asubuhi nani atawahukumu kwa kuzila?"

"Mimi vile vile."

"Sasa si uache kuziagiza?"

Liwali akamcheka kwa upole, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto. "Mgeni wetu, bila kaimati za jioni, asubuhi watu watasuta nini? Wakikosa la kusuta watakaa tu na miili yao, wanatazamana. Nchi itakwenda hivyo?"

Mashavu akarudi jikoni anafoka. "Siwema! Hawa watu wamekuroga! Jipende, mwanamke! Kula unachotaka, lala unapotaka, achana na hao wakimbiaji! Hakuna upande mwingine katika mji huu?"

Upande mwingine ulikuwapo. Mtaa wa pili walikaa watu waitwao Watakia, mahasimu wakubwa wa Liwali, wenye imani kwamba anayejipenda hajinyimi kitu. Kiongozi wao Bi Mboni aliwapokea dada wale wawili akiwa amelala juu ya matakia, akanyoosha kidole kimoja, maana mkono mzima ulikuwa kazi. Mtakia hatembei. Akitaka kwenda chooni anabebwa kitandani na watu wanne. Na wabebaji ni akina nani? Ni wale wale wa Liwali, wanaotumikia adhabu! Vyama viwili vinatukanana kutwa, na kimoja hakiwezi kuishi bila mwenzake.

"Mwili ni mfalme," Bi Mboni akawaambia kwa sauti ya usingizi. "Ukitaka biriani saa hii, upe. Ukitaka halua juu ya biriani, upe. Kuukatalia ni kujichukia."

"Umesikia?" Mashavu akamwambia mdogo wake kwa shangwe. "Kula!"

Siwema akala. Mashavu akamshindilia, tonge hili la mama, hili la shangazi, hili langu. Akala mpaka pumzi zikawa fupi. Kufika alasiri tumbo likamkata, akajikunja kwenye takia anatetemeka, jasho jembamba, na Bi Mboni akaagiza aletewe faluda ya kumtuliza. Mashavu akamfuta uso kwa kanga yake. Shangwe zote zilikuwa zimemwisha.

"Dada," Siwema akasema alipopata nafasi ya kuvuta pumzi, "kule wananipiga, huku wananishindilia. Kote sijasikia mtu akiuliza tumbo hili lenyewe linasemaje. Na wewe pia hukuuliza."

Mashavu hakuwa na jibu, na kwa mtu kama yeye hilo ni jambo la kuandikiwa ukutani. Alishika tama tu.

"Nimechoka kugombana nao," Siwema akaendelea. "Liwali amekwisha sikia kwamba nimekuja huku. Kesho nitaitwa. Nitausemea la tatu, yaishe. Bora tuachane, kila mtu ashike njia yake."

"Ushike njia yako uende wapi bila mwili, we mtoto?"

Siwema akafumba macho.

Mashavu akatoka mbio kuitafuta Nyumba ya Pazia, akaione kwa macho yake. Ni nyumba safi, ndefu, yenye mapazia meupe. Ndani wanakaa waliotoa talaka tatu, na kwa kuwa miili yao si yao tena, maofisa ndio wanaoilisha uji kupitia dirishani na kuitembeza uani kwa kamba, kama mbuzi wa maziwa. Karibu na dirisha alikaa mama mmoja, Bi Rehani, ambaye zamani nchi nzima ilimjua kwa kucheza ngoma ya msewe. Mashavu akamwamkia, akamuuliza kwa upole, "Umeshiba, mama?"

Bi Rehani akamtazama kwa macho mazuri yasiyo na mtu ndani. "Ngoja nimuulize ofisa," akasema. Kisha akageuza kichwa, akaita, "Mheshimiwa! Mimi nimeshiba?"

Mashavu alilia njia nzima ya kurudi. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anasikia. Lakini katikati ya kilio akapita mbele ya lango, na kulikuwa na mgeni anaingia, mfanyabiashara fulani wa ngozi, na watu wote wakaitikia kwa furaha, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mashavu akasimama palepale. Akamwendea askari.

"Baba, mdogo wangu Siwema alipoingia nchi hii, wewe ulikuwa zamu?"

"Mpishi? Nilikuwapo. Lakini yule hakupita hapa, alipita mlango wa nyuma, wa watumishi."

"Kwa hiyo maneno yale hakuambiwa."

"Mlango wa nyuma hayasemwi," askari akajibu. "Kule kuna moshi tu."

Mashavu akambusu askari yule kwenye paji la uso, hivyo hivyo na mkuki wake, akaondoka anatimua vumbi. Aliulizwa mara kadhaa njiani anatumikia kosa gani, naye akamjibu kila mmoja, "Mgeni! Mgeni!" wakabaki wanaitikia nyuma yake mtaa mzima.

Kulipokucha baraza lilifurika. Talaka ya tatu si kitu cha kila siku, na watu walikuja na mikeka. Liwali alikaa juu, Bi Mboni akaletwa na kitanda chake aje abishe, na Siwema akasimamishwa katikati, peke yake, mikono imening'inia. Wakubwa wakaanza kwanza kujadiliana, kama ilivyo ada.

"Mwili ni mtumwa," Liwali akasema. "Mtumwa huyu ametiwa adabu akashindikana. Aondolewe kwa mwenye mwili."

"Mwili ni mfalme," Bi Mboni akajibu bila kuinua kichwa. "Mfalme huyu amenyanyaswa. Aondolewe kwa mwenye mwili."

Maana hata katika ubishi wao, mwisho wake walikuwa wanakubaliana. Liwali akagonga fimbo. "Siwema binti Kombo, useme neno lako."

"Bado!" Sauti ya Mashavu ikatikisa makuti ya baraza. "Mimi naondoka leo! Mgeni anaondoka, na mgeni ana ombi lake!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakaitikia kwa mazoea. Liwali akakunja uso lakini sheria ni sheria. "Omba, mgeni wetu."

"Naomba mgeni mwenzangu akaribishwe. Yupo hapa mjini miaka yote hii na hajapewa kiti."

Minong'ono. Hiyo ni aibu kubwa kwao, hakuna aibu kuizidi. Liwali akainuka. "Mgeni hajapewa kiti? Jisute? Yuko wapi?"

"Huyo hapo!" Mashavu akamnyooshea kidole mdogo wake. "Mwili huo haukuzaliwa kwenu. Umezaliwa kwetu, umenyonya kwa mama yangu, umebebwa mgongoni mwangu mimi mpaka mgongo ukaota sugu. Ukaja hapa kwa miguu yake hii, ukapitishwa mlango wa moshi, na hakuna aliyefungua mdomo kuuambia karibu. Mwulizeni askari! Mmeulisha ukoko umesimama, mmeukimbiza juani, jana hapa mimi mwenyewe dada yake nimeushindilia biriani mpaka ukaugua, na mpaka leo hakuna aliyeuuliza kama umeshiba. Tena mnausuta kila asubuhi! Mgeni anasutwa, mzee wangu? Ndiyo sheria yenu hiyo?"

Askari akasukumwa mbele, akakiri kwa kichwa. Baraza lote likawa kama mzinga uliopigwa teke. Watu wakaanza kutazamana, wakaanza kutazama mikono yao wenyewe. Bi Mboni akajiinua kwenye kiwiko, jambo ambalo hajalifanya miaka mingi. "Mgeni ni mfalme! Nilisema mimi!"

"Mgeni si mfalme, bibi," Mashavu akamkata. "Mgeni ukimjaza halua mpaka akatapika, hujamkirimu."

Liwali alikuwa mzee mwenye akili, msimdharau. Akasubiri kelele zipungue, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Vema. Tukubali ni mgeni. Lakini wazee wetu walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Miaka yake mingapi hapa? Basi siku mbili zimekwisha zamani, na jembe ndilo Kiwanja cha Toba." Wafuasi wake wakapiga makofi na vigelegele, weee!

Mashavu akafungua mdomo ukabaki wazi. Hilo hakulitarajia. Akatazama huku na huku, na kwa mara ya pili maishani maneno yakamkimbia.

Ndipo Siwema akasema. Sauti ndogo, lakini watu wote walikuwa wamebana pumzi.

"Mzee, siku ya tatu bila ya kwanza na ya pili inatoka wapi?"

"Mimi ni mpishi wenu," akaendelea. "Wageni wangapi wamepita mikononi mwangu, nawajua. Mgeni aliyekula akashiba, akalala, akatembezwa, siku ya tatu jembe analiomba mwenyewe. Utamwona tu anauliza, shamba liko wapi? Analichukua anacheka. Sijaona hata mmoja aliyelimishwa mlangoni kabla hajapewa maji."

Liwali akakaa. Fimbo akailaza mapajani. "Sheria haiwezi kukulazimisha kukaribisha," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Nyumba ni yako. Wewe unasemaje? Humtaki?"

Siwema akautazama mkono wake wa kulia, wenye kovu refu la mafuta. Akautazama kwa muda mrefu, kama unavyomtazama mtu aliyekuja mlangoni na vumbi la safari, ukawa hujui kama ni ndugu yako. Mashavu alikuwa ameng'ata kanga yake mpaka imelowa.

"Karibu," Siwema akasema.

Akatazama huku na huku, akakiona kigoda cha karani, akakivuta mpaka katikati ya baraza mahali ambapo hajapata kuketi mshitakiwa. "Karibu kiti," akasema. Na akaketi.

Lo! Sikwambieni! Mikeka ilirushwa juu, wazee walisahau mikongojo, na yule mwalimu wa heshima alionekana pembeni analipapasa tumbo lake taratibu, kwa haya, kama mtu anayeomba radhi. Mashavu alipiga kigelegele kimoja kirefu mpaka akaishiwa pumzi, akaanguka juu ya kitanda cha Bi Mboni.

Mashavu aliahirisha safari yake, na msidhani mambo yalinyooka palepale. Siku ya kwanza Siwema alimpikia mgeni wake samaki, akaketi kula, akalia kila baada ya tonge, kwa ugeni wa kuketi. Alasiri akatembea kidogo na dada yake mpaka kisimani, akachoka, akamuuliza mgeni anataka nini, na mgeni alitaka kulala, akalala. Siku ya pili jioni, harufu ya shira ilipoingia dirishani, akatoroka. Mashavu alimkuta nyuma ya masinia, mikono miwili imejaa, anameza. Siwema akajikunja akisubiri kusutwa.

"Mgeni akivunja kikombe chako unamwambiaje?" Mashavu akamuuliza.

"Namwambia... kikombe tu hicho."

"Haya."

Siwema akaziweka kaimati kwenye kisahani, akaketi, akala mbili taratibu, na ya tatu akamega nusu. Akashangaa. "Dada, kumbe zina iliki!" Miaka yote amezila, hajui ladha yake. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku ya tatu Mashavu aliamka akasikia kitu nje, puu, puu, puu. Akachungulia. Siwema alikuwa na jembe kwenye kibustani cha mchicha nyuma ya jiko, jasho linamtoka, na anaimba, tena kwa sauti mbaya kabisa, wimbo wa kwao wa utotoni. Hakuna aliyempa jembe lile.

"Twende kwa mama," Mashavu akamwambia.

Siwema akatikisa kichwa. "Siwezi bado. Njia ni ndefu, na mwili huu ndiyo kwanza tunajuana. Mwambie mama nitakuja." Mashavu alisikitika, lakini alikuwa amejifunza kutomshindilia mtu. Akamkumbatia, akafunga kanga, akashika njia peke yake, machozi kidevuni.

Alikuwa amekwisha pita lango, kuta zimeanza kuwa ndogo nyuma yake, aliposikia jina lake. Akageuka. Kulikuwa na mtu anakuja kwenye barabara kuu ya Jisute, viatu mkononi, kanga inapepea, meno yote nje.

"Dada! Ningoje! Nimemuuliza, anataka kwenda!"

Askari akaruka katikati ya lango na mkuki wake. "We mwanamke! Simama! Unatumikia kosa gani?"

"Sina kosa!" Siwema akapaza sauti bila kupunguza mbio. "Namtembeza mgeni!"

Askari akaangalia nyuma yake, akaangalia kulia na kushoto, akamtafuta huyo mgeni asimwone. Lakini sheria ni sheria. Akauweka mkuki chini, akaweka mikono kifuani, na Siwema alipompita kama upepo, akamwitikia kwa sauti kuu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"